Lubumbashi: Filta ama ikwalaiza? Vifundo vidogo vinavyoamua kama watu watacheza au watarudi kwenye viti

Jumamosi usiku mjini Lubumbashi, ukumbi wa harusi hauhitaji bango ili ujulikane. Besi inasikika tangu barabarani, kabla hata ya kuona magari yaliyofungwa utepe. Ndani, keki imekwisha kukatwa, zawadi zimepokelewa, wazee wa pande mbili wamesema maneno yao. Sasa familia zinasubiri kitu kimoja tu: kucheza.

Hapo ndipo kazi ya DJ inapopimwa. Wimbo wa kwanza unafika kwenye seben, magitaa yanaita, mashangazi wanasimama na vitambaa mkononi. Kisha DJ anaingiza wimbo wa pili. Kwa muda wa sekunde kumi hivi, besi mbili zinagongana, waimbaji wawili wanapaza sauti kwa pamoja, spika zinaanza kukoroma. Watu wanatazamana. Wengine wanarudi kwenye viti. Wimbo mpya ni mzuri na kila mtu anaupenda, lakini uwanja umekwisha kuvunjika.

Kosa la namna hii halitoki kwenye uchaguzi wa nyimbo. Linatoka kwenye vifundo vichache vya kuzungusha vilivyo mbele ya DJ, ambavyo wengi wanavitumia bila kujua tofauti yake: vile vya ikwalaiza na kile cha filta. Vyote viwili vinaondoa sehemu ya sauti, ndiyo maana vinachanganywa. Lakini kazi zake si moja, na anayechukua kimoja mahali pa kingine analipa bei.

Bei hiyo si ndogo. DJ wa harusi anapata kazi kwa midomo ya watu: aliyefurahi leo anamtaja kwa binamu yake kesho, na aliyechukizwa anamtaja pia. Zaidi ya hayo, vyombo vya sauti, ambavyo wengi wanaviita sono, mara nyingi ni vya kukodi. Spika ikiungua usiku huo, malipo ya harusi yanaweza kuisha yote kwa kulipa deni.

Nyumba yenye ghorofa tatu

Ili kuelewa tofauti, inafaa kuanza na sauti yenyewe. Sikio la binadamu mwenye afya linasikia mitetemo kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Kipimo chake ni hezi. Mitetemo michache inatoa sauti nzito, mitetemo mingi inatoa sauti nyembamba.

Wimbo wa dansi unaweza kulinganishwa na nyumba yenye ghorofa tatu. Chini kabisa wanakaa ngoma kubwa na gitaa la besi. Uzi mzito wa gitaa la besi la kawaida lenye nyuzi nne unatoa takriban hezi 41. Ghorofa ya kati ndiyo yenye watu wengi: waimbaji, magitaa, kinanda, tarumbeta. Juu kabisa kuna visahani vya ngoma, manyanga, na ule ukali wa herufi "s" mdomoni mwa mwimbaji.

Nyimbo mbili zinapopigwa pamoja, ni familia mbili zinazohamia katika nyumba moja. Ghorofa ya juu inaweza kuwabeba wote bila shida kubwa. Ghorofa ya kati inavumilia kidogo. Ghorofa ya chini haivumilii hata kidogo. Sauti nzito ndizo zinazokula nguvu nyingi zaidi za amplifaya. Mapigo mawili yanayofanana yakianguka pamoja barabara, kiwango cha sauti kinaweza kupanda kwa desibeli 6. Yakipishana kwa kinyume, yanafutana na besi inapotea. Katika hali zote mbili, mchezaji anasikia kuna kitu kimeharibika, hata kama hawezi kukitaja jina.

Ndiyo sababu sheria ya kwanza ya kuchanganya nyimbo, Lubumbashi kama popote duniani, ni fupi: besi moja kwa wakati mmoja.

Ikwalaiza: kila ghorofa na swichi yake

Ikwalaiza, ile wanayoiita kwa Kifaransa égaliseur, ina vifundo vitatu kwenye miksa nyingi: cha sauti nzito, cha sauti za kati na cha sauti nyembamba. Kila wimbo una vifundo vyake. Kifundo kikiwa katikati, kimesimama kama mshale wa saa unaoelekea juu, sauti haiguswi. Kikizungushwa kushoto, ghorofa hiyo inapunguzwa. Kikizungushwa kulia, inaongezwa.

Nguvu ya ikwalaiza ni kwamba inachagua. DJ anaweza kuondoa besi ya wimbo na kuacha magitaa na waimbaji waendelee kama kawaida. Anaweza pia kupunguza sauti za kati peke yake, ili mwimbaji wa wimbo unaotoka amwachie nafasi yule anayeingia, huku ngoma chini na visahani juu vikiendelea.

Mbinu inayojulikana zaidi ni kubadilishana besi. Wimbo mpya unaingia ukiwa umekatwa besi tangu mwanzo. Wachezaji wanaanza kusikia magitaa yake na visahani vyake juu ya besi ya wimbo wa zamani. Kisha, wakati mzunguko wa muziki unapogeuka, mikono miwili inafanya kazi kwa pamoja: mmoja unazima besi ya wimbo wa zamani, mwingine unarudisha katikati besi ya wimbo mpya. Ikifanyika kwa pigo sahihi, watu hawatambui wimbo umebadilika wakati gani. Wanajikuta tu wanacheza kingine.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwenye miksa nyingi za vilabu, kuzungusha kifundo cha ikwalaiza hadi mwisho wa kushoto si kuzima kabisa. Kwenye miksa ya Pioneer DJM-900NXS2, kwa mfano, ikwalaiza inashuka hadi desibeli 26 chini na kupanda hadi desibeli 6 juu. Desibeli 26 chini maana yake ni kwamba takriban sehemu moja kati ya 20 ya ukubwa wa wimbi bado inapita. Miksa hiyo ina swichi nyingine inayobadilisha vifundo hivyo kuwa vya kutenga, na hapo ndipo sauti inazimwa yote. DJ anayekodi miksa asiyoizoea anafanya vizuri kuangalia swichi hiyo iko upande gani kabla wageni hawajaingia.

Filta: mpaka unaotembea

Filta, yaani kichujio, haina ghorofa. Ina mpaka mmoja unaotembea. Kwenye miksa na kontrola nyingi za leo ni kifundo kimoja kwa kila wimbo. Katikati hakifanyi kitu. Kikizungushwa kulia, mpaka unapanda kutoka chini na kufuta kila kilicho chini yake: kwanza besi, kisha mwili wa magitaa, kisha sauti ya mwimbaji, mpaka vinabaki visahani tu, kama muziki unaotoka kwenye simu ndogo iliyo mfukoni. Kikizungushwa kushoto, mpaka unashuka kutoka juu na kufuta visahani, kisha maneno, mpaka inabaki besi yenye kivuli, kama sherehe ya jirani inayosikika kupitia ukutani.

Uzuri wa filta ni mwendo. Sikio linafuata mpaka ukipanda, linahisi kitu kinakaribia, linasubiri. DJ akirudisha kifundo katikati kwa pigo sahihi, besi inarudi kama mlango uliofunguliwa kwa mara moja, na ukumbi unapiga kelele. Na kazi yote hiyo ni ya mkono mmoja. Mkono wa pili unabaki huru kutafuta wimbo ujao au kushika mikrofoni.

Udhaifu wake unatoka mahali pale pale. Filta haiwezi kuondoa katikati ikaacha chini na juu. Haiwezi kumnyamazisha mwimbaji na kuacha ngoma yake. DJ anayetaka kuondoa besi tu, akaizungusha filta mbali kidogo kuliko lazima, anachukua pia mwili wa gitaa na kifua cha mwimbaji. Muziki unabaki mwembamba, na wachezaji wanapoteza kilichokuwa kinawashika kiunoni.

Tena kuna mtego unaowanasa wengi wanaoanza. Wanaingiza wimbo mpya ukiwa umefunikwa na filta upande wa kushoto, wakifikiri wameuficha. Kwa kweli wameficha sehemu isiyogombana na mtu, na wameacha wazi sehemu inayogombana: besi. Wimbo wa zamani una besi yake, wimbo mpya unaleta yake, na spika zinakoroma. Anayetaka kuingiza wimbo kwa njia hiyo inambidi kwanza aondoe besi ya ule unaotoka.

Baadhi ya filta zina kifundo cha ziada cha mwangwi wa mpakani, kinachokuza sauti zilizo pale pale mpaka ulipo. Kidogo kinaleta utamu, kama mluzi unaopanda pamoja na muziki. Kikizidi, mluzi huo unatoboa masikio ya waliokaa karibu na spika. Katika harusi, waliokaa karibu na spika mara nyingi ni wazee waliokosa meza nyingine.

Vifaa viwili, historia mbili

Tofauti hii haikuanza na kompyuta. Karibu mwaka 1970, DJ Francis Grasso alipata jina katika klabu ya Sanctuary mjini New York, Marekani, kwa kuunganisha sahani mbili mapigo kwa mapigo badala ya kusubiri moja iishe. Tangu siku watu walipoanza kuunganisha nyimbo, swali la besi mbili likawa la kila usiku.

Katika klabu ya Paradise Garage ya mjini humo, iliyofanya kazi kuanzia 1977 hadi 1987, DJ Larry Levan alijulikana kwa kuchezea mgawanyo wa sauti. Mtambo wa klabu hiyo, uliotengenezwa na Richard Long, ulimwezesha kuondoa besi ya ukumbi mzima na kuirudisha wakati watu walipokuwa wameingoja kwa hamu. Mjini Chicago, katika klabu ya Warehouse iliyolipa muziki wa hausi jina lake, Frankie Knuckles alikuwa akijenga usiku mzima kwa kuunganisha nyimbo. Kutoka huko ndiko desturi ya kutenganisha ghorofa za sauti iliingia kwenye miksa za kawaida.

Filta ilipata umaarufu wake mkubwa baadaye, na kwa sehemu kubwa kupitia Ufaransa. Mwaka 1997, Daft Punk walitoa albamu yao ya kwanza, Homework. Mwaka uliofuata kundi la Stardust likatoa wimbo wake mmoja uliojulikana dunia nzima. Katika muziki huo, kipande kifupi kinarudiwa tena na tena huku filta ikifunguka na kufungika, na filta yenyewe inakuwa kama ala. Watengenezaji wa vifaa walisikia. Kampuni ya Uingereza Allen & Heath ilijulikana kwa miksa zake za Xone zilizo na filta ndani, na leo hata kontrola ndogo za wanaoanza zina kifundo hicho.

Kwa maneno mengine, filta ilikua pamoja na muziki wa mashine, wenye mapigo yasiyobadilika na besi ya kupangwa. Muziki unaochezwa kwenye harusi za Lubumbashi haufuati utaratibu huo kila mara.

Seben haina saa ya mashine

Rumba ya Congo, ambayo UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa binadamu tarehe 14 Desemba 2021 kwa ombi la nchi zote mbili za Congo, ina mpangilio wake. Wimbo unaanza taratibu, kwa maneno na waitikiaji. Kisha inakuja seben: magitaa yanashika usukani, ngoma inachangamka, na dansi inaanza kweli. Zaïko Langa Langa, kundi lililozaliwa Kinshasa mwaka 1969, lilichangia sana kuipa seben nafasi kubwa, kwa magitaa na ngoma ya rimba kali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaongezeka atalaku, yule anayepaza sauti kuita mitindo ya kucheza.

Kwa DJ, mpangilio huu una matokeo matatu.

La kwanza, rekodi nyingi za zamani zilipigwa na watu wote pamoja, bila saa ya mashine masikioni. Mpiga ngoma anakimbia kidogo seben inapopanda moto. Kompyuta inaweza kusema wimbo una mapigo fulani kwa dakika, lakini nambari hiyo ni ya wastani. Nyimbo mbili za aina hii haziwezi kutembea pamoja kwa dakika nzima bila mtu kusukuma moja au kuvuta nyingine. Muunganiko unapaswa kuwa mfupi.

La pili, ghorofa ya kati imejaa. Gitaa la solo, mi-solo, gitaa la kusindikiza, waimbaji na atalaku wote wanaishi humo. Seben mbili pamoja ni magitaa sita na watu wawili wanaopaza sauti. Hapa kukata besi peke yake hakutoshi. Kifundo cha sauti za kati, ambacho wengi hawakigusi, ndicho kinachookoa uwanja. DJ anakipunguza kwa wimbo unaotoka, mpaka magitaa yake yanarudi nyuma kama watu wanaotoka ukumbini bila kupiga kelele, huku yale mapya yanaingia.

La tatu, seben inazunguka. Gitaa linarudia mzunguko wake, atalaku anaita, ngoma inajibu kwa mrindimo, na mtindo unabadilika. Mrindimo huo ndio mlango. Kubadilisha besi katikati ya mzunguko kunavunja kiuno cha mchezaji. Kubadilisha kwenye mrindimo kunaonekana kama kwamba bendi yenyewe ndiyo iliyoamua.

Kwa hiyo, seben kwa seben ni kazi ya ikwalaiza. Filta inaingia pale nyimbo mbili zisipoweza kukaa pamoja kabisa: kutoka rumba ya taratibu kwenda ndombolo, au kutoka wimbo wa kwaya kwenda muziki wa vijana. Mapigo hayalingani, na kulazimisha kunaleta vurugu. Hapo DJ anaupandisha wimbo wa zamani kwa filta upande wa kulia hadi unakuwa mwembamba kabisa, anashusha sauti yake, na wimbo mpya unaanza safi kwenye pigo lake la kwanza. Kwa kuwa ule wa zamani hauna tena besi wala mwili, sikio halisikii mgongano wa mapigo.

Amapiano imebadilisha hesabu

Katika miaka ya karibuni, vijana wa Lubumbashi, mji ulio karibu na mpaka wa Zambia na wenye uhusiano wa zamani na kusini, wanaomba amapiano. Muziki huo ulizaliwa katika vitongoji vya Gauteng, Afrika Kusini, katikati ya miaka ya 2010, na kwa kawaida unatembea kwa mapigo kama 110 hadi 115 kwa dakika. Umetengenezwa kwa kompyuta, hivyo mwendo wake hauyumbi.

Lakini una jambo lake: ile ngoma nzito ya kielektroniki, log drum, ni besi na wakati huo huo ni wimbo. Inazungumza. Sauti yake inaanza chini na kupanda hadi ghorofa ya kati. DJ akikata kifundo cha besi peke yake, bado anaisikia ikigonga kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ya jirani. Kwa muziki huu, filta upande wa kulia, ikipandishwa kupita besi hadi inapogusa sauti za kati, inasafisha vizuri zaidi. Au anatumia vifundo viwili vya ikwalaiza pamoja, cha chini chote na cha kati nusu.

Na kwa sababu nyimbo za amapiano zina utangulizi mrefu wa visahani na kinanda, zinampa DJ muda. Filta inaweza kufunguliwa polepole, mzunguko baada ya mzunguko, bila haraka. Jambo hilo hilo likifanywa kwenye wimbo wa Congo unaoanza moja kwa moja na mwimbaji, linamkata mwimbaji neno mdomoni.

Kinyume chake ni muziki wa wazee. Katika sherehe nyingi kuna dakika ya babu na bibi. Mwaka 1952, Mwingereza Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa kijana wa Katanga, Jean-Bosco Mwenda, huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Ni mtu mmoja na gitaa lake. Rekodi kama hizo hazina besi ya kuongezwa. DJ akizungusha kifundo cha besi kulia ili zilingane na amapiano iliyotangulia, hapati besi, anapata mngurumo wa mashine ya zamani. Ikwalaiza inapunguza au inakuza kilichopo. Haiumbi kisichokuwapo. Kwa rekodi hizo ni afadhali kuongeza kidogo sauti ya wimbo wenyewe, na kuacha vifundo katikati.

Kuongeza kunagharimu

Hapa ndipo suala la spika linapoingia. Ili kupandisha sauti kwa desibeli 3, amplifaya inahitaji nguvu mara mbili. Kwa desibeli 6 inahitaji mara nne. DJ anayezungusha kifundo cha besi hadi mwisho wa kulia kwenye miksa inayopanda hadi 6, anaidai amplifaya iliyokuwa ikitoa wati 500 itoe wati 2,000 kwa sauti hizo. Kama haina, inakata vilele vya mawimbi. Sauti inapasuka, spika zinapata joto, na zile ndogo za sauti nyembamba ndizo mara nyingi zinazoungua kwanza. Sherehe inapoendeshwa kwa jenereta ndogo, tatizo linaongezeka.

Dawa yake ni tabia moja: kukata badala ya kuongeza. Kama besi haisikiki vizuri, mara nyingi si kwamba ni chache. Ni sauti za kati ndizo zimezidi. Ukipunguza za kati kidogo, besi inajitokeza bila kuiomba amplifaya wati hata moja zaidi.

Masikio pia yana kikomo. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo kwa kumbi na sherehe za muziki: wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Shirika hilo linasema zaidi ya vijana bilioni moja duniani, wenye umri wa miaka 12 hadi 35, wako hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya sauti kubwa. DJ ndiye anayebaki karibu na spika kuliko mgeni yeyote, Jumamosi baada ya Jumamosi. Masikio yake yakichoka, anaongeza sauti nyembamba ili asikie vizuri, na wageni ndio wanaoumia.

Kuna pia wakati wa msema-chochote, yule anayeongoza sherehe. Akichukua mikrofoni kutangaza zawadi au kumwita mjomba wa bwana arusi, DJ wengi wanashusha muziki wote. Ukumbi unapoa. Njia nyingine ni kushusha muziki kiasi na kukata sauti za kati za wimbo, kwa sababu ndizo zinazogombana na sauti ya mtu anayesema. Maneno yanasikika, na miguu inaendelea kutingishika chini ya meza. Filta upande wa kushoto inafanya kazi karibu sawa, na inaleta ladha nyingine: muziki unakuwa kama uko chumba cha pili, kisha unarudi mlango ukifunguliwa.

Kuchagua bila kupoteza muda

Gizani, wimbo ukiwa umebakiza sekunde thelathini, hakuna anayefikiria hezi. Kinachosaidia ni maswali machache mafupi.

Je, nyimbo mbili zitatembea pamoja kwa mizunguko kadhaa? Basi ni ikwalaiza, na besi zibadilishane kwenye mrindimo.

Je, waimbaji wawili watasikika kwa pamoja? Ikwalaiza tena, kifundo cha kati. Filta haiwezi kazi hiyo.

Je, mapigo hayalingani, au aina ya muziki inabadilika kabisa? Filta upande wa kulia kwa wimbo unaotoka, kisha mpya uanze safi.

Je, wimbo ni mmoja tu na uwanja umeanza kulala? Filta, kwa mizunguko minne au minane, kisha besi irudi kwa mara moja. Lakini mara mbili au tatu kwa saa inatosha. Mbinu inayorudiwa kila wimbo inakuwa kama mzee anayesimulia hadithi moja kila jioni: watu wanajua mwisho wake kabla hajafungua mdomo.

Baada ya yote hayo linabaki jambo la mwisho, na ndilo linalosahaulika zaidi: kurudisha vifundo katikati. Wimbo unaweza kuchezwa dakika tatu nzima ukiwa umekatwa besi kwa sababu tu mkono ulisahau. DJ anashangaa kwa nini watu hawasisimki, anabadilisha wimbo, anabadilisha tena, na tatizo liko pale pale, kwenye kifundo kimoja kilichoelekea kushoto.

Kujifunza bila miksa

Vijana wengi wa Katuba, Kenya au Kamalondo hawana miksa nyumbani. Hilo si kizuizi kikubwa kama zamani. Mixxx ni programu ya bure inayofanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida, na ina ikwalaiza ya vifundo vitatu pamoja na kifundo cha filta kwa kila wimbo. Kompyuta yenye betri nzuri na vizibo vya masikio vinatosha, hata umeme ukikatika.

Zoezi la kuanzia ni la kusikiliza tu. Kuchukua wimbo mmoja unaoujua vizuri, kukata besi, kusikiliza kilichobaki. Kurudisha, kukata za kati, kusikiliza. Kurudisha, kukata za juu. Kisha kupandisha filta polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, na kutaja kwa sauti kila chombo kinapopotea: ngoma, besi, gitaa la kusindikiza, mwimbaji. Anayefanya hivyo kwa nyimbo ishirini anajua tayari mahali ambapo kila mmoja anakaa ndani ya nyumba.

Zoezi la pili ni kuchanganya seben mbili kwa mwezi mzima bila kugusa filta hata mara moja. Ni gumu, na ndiyo faida yake. Filta inaficha kosa, ikwalaiza inalionyesha. Aliyejifunza kwanza kubadilisha besi kwa wakati wake ataitumia filta kama pilipili. Aliyeanza na filta ataendelea kuitumia kama sahani yenyewe.

Usiku wa harusi, hakuna mgeni atakayeuliza kifundo gani kilizungushwa. Shangazi mwenye kitambaa anataka tu seben isikatike chini ya miguu yake. Kama wimbo wa pili umeingia na yeye bado amesimama, DJ amefanya kazi yake, na Jumatatu simu yake inaweza kulia.